Maji Kwenye Tangi la Opuk

Mzee wa kanisa alikuwa anamimina maji kwenye tangi la petroli.

Siku ya Sabato.

Watu wote wa boma walikuwa kanisani wakiimba. Yeye alikuwa amewatumia ujumbe kwamba tumbo linamsokota, wamwombee.

Kama una chai ya moto mkononi, iweke chini kwanza. Hii itakufanya uirushe.

Phelesia alisimama kando ya ua wa mkonge, kinywa wazi. Alikuwa amerudi mbio kuchukua shuka la mtoto wake mchanga, maana lile alilokwenda nalo kanisani lilikuwa limeshachafuka. Na sasa alikuwa anamwona Jared, kaka mkubwa wa mume wake, ameinama juu ya mashine akiwa na birika mkononi. Jared huyu ndiye aliyekuwa akisimama mbele ya kanisa kila Sabato kuwakemea waongo.

"Baba Kezia," alimwita.

Jared alishtuka mpaka kifuniko cha birika kikaanguka.

"Phelesia... umerudi?"

"Nimerudi. Unafanya nini hapo?"

"Naosha mashine ya ndugu yangu."

"Unaiosha ndani ya tangi?"

Jared aliinama akaokota kifuniko.

"Baba Kezia, nakuuliza kwa heshima. Hayo maji unayapeleka wapi?"

Jared alitazama birika kana kwamba ni mtu mwingine aliyemshikisha.

Sasa tuelewane, ili ujue kwa nini damu ya Phelesia ilichemka vile.

Mwaka ni 1968. Mahali ni nyuma ya soko la Kisegi. Ng'ombe wa kulima wa boma lile walikuwa wamemalizwa na mbung'o, hakubaki hata dume mmoja wa kuvuta plau. Lakini Zadock, mume wa Phelesia, alikuwa na kitu ambacho hakuna mtu mwingine upande ule aliyekuwa nacho.

Alikuwa na kigari cha shamba. Matairi sita manene, hakuna mlango, hakuna paa, hakuna hata usukani. Unakaa katikati unavuta vijiti viwili, nacho kinakwenda. Zadock alikuwa amefanya kazi miaka mingi kwa Mzungu mmoja mpima ardhi huko Migori. Mzungu alipofunga mizigo kurudi kwao akamwachia kile kigari, akampa mkono, akaondoka.

Watu wa Kisegi walikiita Opuk, yaani kobe, kwa sababu ya mgongo wake.

Na kobe huyo alikuwa na nguvu. Zadock alitoka naye Migori wakati wa mvua, akapita kwenye matope yaliyomeza malori, akafika nyumbani bila kuzima njiani hata mara moja. Akamfunga plau nyuma akajaribu kwenye uwanja. Udongo ukageuka. Wanawake wakapiga vigelegele.

Phelesia alilia siku ile. Sikia sababu.

Mwaka uliotangulia, kwenye mvua fupi, walikuwa wamechelewa kupanda. Mahindi yakakauka yakiwa bado machanga, wakabaki na muhogo asubuhi, muhogo jioni. Mtoto wake Simeon akaanza kuvimba miguu, nywele zikageuka rangi kama za mzee. Alimbeba mpaka hospitali ya Homa Bay, akakaa naye kule mpaka majirani wakaanza kumwulizia kama bado yuko hai. Simeon alipona. Lakini nesi alimwambia Phelesia kitu ambacho hakikumtoka kichwani.

"Mama, akirudi hapa hivi tena, sijui kama tutaweza."

Kwa hiyo kwa Phelesia, mvua ile ya 1968 ilikuwa ni Simeon kuishi au Simeon kufa. Alikuwa ametunza mbegu yake kwenye chungu, ameichanganya na majivu wadudu wasiiguse, amekataa kupika hata punje moja.

Tatizo lilikuwa moja. Kwenye boma la Waluo, kaka mkubwa ndiye anayeanza kupanda. Mpaka mkewe adondoshe mbegu ya kwanza kwenye shamba lake, mdogo hagusi udongo wake. Walikuwa Wasabato, ndiyo, mambo ya mizimu walisema wameyaacha. Lakini hilo la zamu ya kupanda hakuna aliyethubutu kulichezea. Ukimruka kaka yako, watu wanasema umemtakia kifo.

Basi Opuk alianza na shamba la Jared.

Akalima mistari miwili. Akakohoa. Akazima.

Zadock akafungua huku, akapuliza kule. Kesho yake akawaka. Mistari miwili tena, akazima.

Wiki ya kwanza ikaisha. Ya pili ikaingia. Mvua inanyesha, majirani wanapanda, mahindi ya wenzao yanachipua, na Opuk amekaa katikati ya shamba la Jared kama mgeni asiyeaga.

"Vitu vya Wazungu hivyo," Jared alikuwa akisema, anatikisa kichwa kwa huruma. "Vinafanya kazi kwa mwenyewe tu. Lakini vumilia, ndugu yangu. Kesho atawaka."

Zadock aliita fundi kutoka Migori, Mkisii mmoja anaitwa Bichage. Bichage akafungua, akanusa, akacheka.

"Hii mashine haina ugonjwa. Ni maji iko ndani ya petroli."

"Maji yametoka wapi?"

"Mimi nitajua aje? Labda huyo anakuuzia anaongeza."

Zadock akaenda moja kwa moja kwa muuza petroli pale Kisegi, akamshika shati mbele ya wateja. Mzee wa watu akaapa kwa wazazi wake waliokufa. Hawakusalimiana tena.

Phelesia akaomba jambo dogo.

"Baba Simeon, tuite watu wa saga, ile kazi ya kusaidiana. Waje na majembe, tulime shamba la kaka yako siku moja, tumalize."

"Watu wenye mashine waombe majembe? Unataka nichekwe?"

"Tayari wanakucheka."

Zadock akachukua spana zake akatoka. Na Jared akaunga mkono, tena kwa sauti ya upole.

"Usiwasumbue watu, Zadock. Kesho atawaka."

Sasa unaelewa kwa nini mwanamke huyu, akiwa amesimama pale siku ya Sabato na kuona birika, hakukumbuka tena kwamba anaongea na mkubwa wake?

Alivuka shamba kwa hatua ndefu akamnyang'anya Jared lile birika.

"Ni wewe. Siku zote hizi ni wewe!"

"Punguza sauti."

"Mtoto wangu alikaribia kufa mwaka jana, unajua. Ulikuja kumwombea. Ulimwekea mkono kichwani. Kwa nini, Baba Kezia? Tumekukosea nini?"

Jared akafungua mdomo. Kwa muda mfupi alionekana kama mtu anayetaka kusema kitu cha kweli. Kisha akasikia sauti za watu njiani, ibada imekwisha, na uso wake ukafungika.

Hapa ndipo ninapotaka kurusha simu, wallahi.

Watu walipotokeza kwenye ua waliona nini? Walimwona Phelesia amesimama kando ya tangi lililo wazi, birika mkononi, maji yanadondoka. Na Jared yuko pembeni, mikono mitupu.

"Zadock," Jared aliita, huzuni tele. "Njoo uone. Nimetoka kitandani na tumbo langu, nimemkuta mkeo akitia maji kwenye mashine yako."

Zadock akafika. Akatazama birika. Akatazama tangi.

"Phelesia, ni nini hiki?"

"Ni yeye," Phelesia alisema. "Nimemkuta akimimina. Birika nimemnyang'anya sasa hivi. Baba Simeon, nitazame. Ni yeye."

Zadock hakumtazama. Alimtazama kaka yake.

Jared akainamisha kichwa kama mtu anayeumia kwa ajili ya wengine.

"Toka mashine hii ifike nyumbani, mkeo hajaipenda," alisema. "Si ndiye aliyetaka majembe?"

Umeona alivyoligeuza? Neno alilolisema Phelesia kwa kumhurumia mtoto, sasa limekuwa ushahidi dhidi yake.

Mkono wa Zadock ukapanda. Ukabaki hewani. Mtoto mgongoni kwa jirani akalia, na mkono ukashuka bila kupiga. Lakini akasema neno lililouma kuliko kofi.

"Kaka yangu hawezi. Mwanamke wa kuolewa anaweza."

Mke wa Jared, Benta, alikuwa amesimama nyuma ya watu na kitabu chake cha nyimbo. Macho yake yalikuwa chini.

Phelesia alitazama mbingu. Mawingu yalikuwa yameanza kuwa mepesi. Akapiga hesabu ya mama, ile isiyohitaji karatasi. Akibishana, watabishana wiki nzima. Wataitwa wazee, watakaa, watakula, watahukumu. Na mvua haitangoja hukumu ya mtu.

"Sawa," alisema. "Ni mimi."

Watu wakaguna.

"Nimeharibu mashine, nimekosea. Sasa adhabu yangu iwe hii. Kesho Jumapili, kila aliye na jembe aje. Nitapika uji, nitalima mbele. Tumalize shamba la Baba Kezia, na Mama Kezia apande kesho hiyohiyo."

Wazee wakasema mwanamke ametubu vizuri.

Na Jared? Jasho lilimtoka.

"Hakuna haraka," alisema. "Fundi anaweza kurudi, tungoje..."

"Hapana," Zadock alisema. Aibu ilikuwa imemshika shingoni. "Ameharibu, atalipa kwa mgongo wake. Kesho."

Jumapili walikuja. Walikuja wengi kuliko walivyoitwa, kwa sababu watu wanapenda kumwona mkosaji akilima. Wakaimba, wakapasua udongo, wakamzunguka Opuk pale alipokwama kama wanazunguka mwamba. Phelesia alilima mbele bila kuinua kichwa, na kila pigo la jembe alijua ni la nani.

Jua lilipoanza kulegea, shamba lilikuwa limekwisha.

"Haya, Mama Kezia," wazee wakasema. "Lete mbegu utufungulie mlango."

Benta akaingia kwenye dero, ghala lao la nafaka nyuma ya nyumba. Watu wakangoja. Wakaanza kutaniana. Wakangoja tena. Jared alikuwa anatazama miguu yake.

"Nitamsaidia kubeba," Phelesia akasema, akaenda.

Alimkuta Benta ameketi kwenye sakafu ya ghala, kikapu mapajani.

Kikapu kilikuwa kitupu. Ghala lilikuwa tupu. Hakukuwa na mbegu, hakukuwa na hata makapi ya kumdanganya kuku.

"Mama Kezia... mbegu yenu iko wapi?"

Benta aliongea kwa sauti ndogo sana.

"Makambi."

Phelesia alikumbuka. Agosti iliyopita, mkutano wa makambi, Wasabato wametoka mpaka Migori na Homa Bay kuja kuabudu na kulala. Jared alisimama akatangaza kwamba wageni wote wa mbali watakula kwake. Kila siku sufuria mbili kubwa. Watu walimsifu mpaka wakachoka. Mvua fupi ya mwisho wa mwaka ilipokataa, hakukuwa na cha kujazia alichomwaga.

"Nilimwambia tuombe kwa ndugu," Benta alisema. "Akasema mzee wa kanisa hawezi kuomba mbegu kwa mdogo wake. Akasema atapata mahali. Hakupata. Kila asubuhi akiona mashine inawaka, anatetemeka. Kwa sababu ikimaliza kulima, mtaniambia nilete mbegu."

Umeelewa sasa? Mtu alizima mashine ya ndugu yake, akanyima boma zima kupanda, akamweka mtoto wa watu mlangoni mwa kifo mara ya pili, ili asionekane hana kikapu kimoja cha mahindi!

Na kikapu chenyewe kilikuwepo umbali wa mlango mmoja. Angeomba, angepewa. Hata asingemaliza sentensi.

Phelesia alisimama pale mlangoni mwa ghala. Nje kulikuwa na watu waliomwita mharibifu. Alikuwa na nafasi ya kumburuta Benta na kikapu chake mbele yao na kusema, tazameni, huyu ndiye mtakatifu wenu. Ulimi ulimwasha.

Lakini kaka mkubwa asipopanda leo, hakuna anayepanda. Ndivyo ilivyokuwa, upende usipende.

Alipita nyuma ya nyumba, akaingia kwake, akatoa chungu chake. Mbegu ile aliyoilinda na panya, na wadudu, na njaa yake mwenyewe. Akaigawa katikati kwa viganja. Akarudi na nusu chini ya leso, akaimimina kwenye kikapu cha Benta.

"Futa uso," alimwambia. "Toka ukapande."

Benta akatoka. Akadondosha mbegu ya kwanza. Watu wakashangilia, wakamsifu Jared kwa mbegu nzuri, punje nene, safi. Jared akashukuru. Aliitikia sifa, yule mtu, huku anajua mbegu si yake.

Kesho yake Phelesia akachimba mashimo kwa jembe, akapanda nusu ya shamba lake. Nusu nyingine ikabaki tupu, Zadock akidhani ni uvivu.

Na Opuk? Zadock hakutaka tena kuiona mashine hiyo. Kila akiitazama aliona mke msaliti. Jumatano alipita Maroa, Mkuria wa Migori aliyekuwa akija Kisegi kununua samaki wakavu, aliyekuwa akiimezea mate siku nyingi. Zadock akampa kwa baiskeli na mbuzi watatu.

"Lakini ujue ni mbovu," alimwambia.

"Wacha tu, nitaona na yeye," Maroa akajibu. Akamwaga ile petroli yote chini, akatia yake, akavuta vijiti, akaondoka.

Sabato ikafika. Ungefikiri Jared angekaa kimya kwa aibu, sivyo?

Alisimama mbele ya kanisa.

"Ndugu zangu, mnajua yaliyotokea nyumbani kwetu. Nataka kusema mbele ya Mungu kwamba nimemsamehe shemeji yangu Phelesia. Nimemsamehe kabisa..."

Phelesia alikuwa ameketi na Simeon mapajani. Alishika benchi. Alihisi kwamba akisimama sasa atafanya jambo ambalo kanisa halijawahi kuona.

Hakusimama yeye.

"Kaa chini, Baba Kezia."

Ilikuwa sauti ya Benta. Mwanamke ambaye miaka yote hakuna aliyemsikia akisema zaidi ya amina.

"Mama Kezia, mimi bado naongea."

"Najua. Kaa chini. Mbegu iliyo shambani kwangu ni ya nani?"

Jared akapepesa macho.

"Waambie ni ya nani. Mliisifu wenyewe. Ni ya Phelesia. Alinigawia nusu ndani ya ghala langu, maana sisi hatukuwa na hata punje. Na maji kwenye mashine ulikuwa unatia wewe, na birika ni langu, na kila siku nilikuona na nikanyamaza. Sasa umemsamehe. Umemsamehe nini?"

Jared akashuka, akatembea katikati ya mabenchi mpaka mlangoni na kutoka. Hakurudi kusimama mbele ya kanisa lile tena.

Zadock naye alikuwa ameketi upande wa wanaume, mikono juu ya magoti. Hakumtazama mtu.

Jumapili alfajiri alipanda ile baiskeli akaikanyaga mpaka Migori. Akamkuta Maroa anashusha magunia kutoka kwenye Opuk, matope mpaka kwenye kiti.

"Nirudishie," alisema. "Chukua baiskeli yako, nitakuletea mbuzi, chochote."

Maroa akacheka.

"Hii? Siwezi. Tangu nichukue, inabeba magunia kutwa, inapanda mlima, inaingia kwa matope, haijazima hata siku moja. Bwana, wewe ulikuwa unawekea hii mashine nini?"

Zadock akatazama tangi. Akageuza baiskeli.

Alimkuta Phelesia shambani, anapalilia ile nusu aliyopanda. Mahindi yalikuwa ndiyo kwanza yanachomoza. Simeon alikuwa pembeni anafukuza ndege kwa kelele, na alikuwa na miguu ya kukimbilia.

Zadock alisimama pale na vumbi lake.

"Mama Simeon... kwa nini hukuniambia?"

Phelesia aliinuka taratibu, akashika kiuno.

"Nilikuambia, Baba Simeon. Nilikuambia mara mbili. Ulikuwa karibu nami kuliko ulivyo sasa."

Basi nyinyi mnaojaza hii group na maswali kila wiki, eti ni kigari gani cha shamba kinaaminika, kipi hakizimi, kipi kina injini ya kudumu... Mnauliza mashine peke yake. Uliza pia ni nani anayelala karibu nayo, na kama ana ujasiri wa kusema kwamba hana kitu. Mtu anayeona aibu kuomba ni hatari kuliko mwizi, kwa sababu mwizi utamfungia mlango. Na wewe mwanamume unayesoma ukitikisa kichwa, mkeo akikuambia kitu huku anakutazama machoni, mtazame na wewe.

Zadock alibaki amesimama. Phelesia akamtia jembe mkononi, akamwonyesha mstari alioishia, akaenda kivulini kumnyonyesha mtoto.